Nyama ya busheri au ya supamaketi? Kwanza tuulize imelala wapi

"Jambo Dokta. Tunakaa Katindo, hapa Goma, bwana yangu, mimi na watoto wanne. Kila Jumamosi nanunua kilo tano za nyama ya ng'ombe kwenye busheri moja, duka la nyama lililo karibu na soko la Virunga. Nafika saa moja asubuhi, nyama bado ina joto la mnyama. Napanda nayo pikipiki hadi nyumbani, naikata vipande vidogo, naitia konjelateri, ile friza ya kugandishia. Nikiitoa katikati ya juma inakuwa ngumu kama mpira, inatoa maji mekundu mengi, watoto wanatafuna halafu wanatema. Mama mkwe wangu ananunua palepale na ya kwake inaiva vizuri. Bwana yangu amechoka, anataka tuhamie supamaketi: anasema kule kuna usafi, nyama iko kwenye vitrini, lile kabati la kioo lenye baridi, hakuna nzi. Mimi naogopa. Majirani wanasema nyama ya supamaketi inatiwa dawa ya kuhifadhia maiti, ndiyo maana nzi hawaigusi. Tena bei yake iko juu. Dada mmoja kanisani amenishauri nitie tembe mbili za paracetamol kwenye sufuria ili nyama ilainike. Nimsikilize nani?"

Mama, nianzie mwisho wa barua yako, maana hilo halingoji. Tembe za paracetamol zirudishe kwenye kabati la dawa. Najua mtindo huu umeenea, nimeshaukuta hata kwenye jiko la harusi, mpishi akizihesabu kama anavyohesabu vitunguu. Nyama inalainishwa na moto na muda. Dawa ile haiishi kwa kuchemshwa, inabaki ndani ya mchuzi. Mtoto wa kilo 12 akinywa mchuzi huo mchana, na usiku ukampa tena dawa ya homa kwa kipimo ulichoandikiwa, ini lake ndilo litakalobeba hesabu hiyo. Ukitaka cha kulainisha, sokoni kipo: ponda papai bichi au tangawizi, paka kwenye nyama, ngoja nusu saa, kisha pika. Utomvu wa papai una kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama. Usiache usiku kucha, utaamka na uji.

Sasa swali lenyewe. Umeliuliza kama swali la mahali: huku au kule. Bwana yako anatazama vitrini, majirani wanatazama nzi, nawe unatazama bei. Mimi nimefanya ukaguzi wa nyama miaka mingi, na niliposoma barua yako jicho langu lilisimama kwenye neno moja tu: konjelateri. Busheri hakukuuzia nyama mbaya. Nyama imekuharibikia mwenyewe nyumbani, saa mbili asubuhi, na kwa nia njema kabisa.

Nikueleze ilivyo. Ng'ombe akichinjwa, moyo unasimama lakini misuli haijapata habari. Inaendelea kuchoma sukari yake ya akiba, ile inayoitwa glikojeni, na kwa kuwa damu haileti tena hewa, sukari hiyo inageuka asidi. Kipimo cha asidi, pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kinaanzia karibu 7 na kushuka polepole hadi kama 5.5, na kwa ng'ombe safari hiyo inachukua karibu siku nzima. Njiani humo akiba inakwisha, nyuzi za misuli zinashikana, nyama inakakamaa. Ni hali ileile inayoupata mwili wa marehemu. Baada ya hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe vinaanza kuzikata nyuzi hizo moja moja, na nyama inalegea tena. Ng'ombe aliyetundikwa kwenye baridi ya digrii 0 hadi 4 kwa siku 7 hadi 14 anakuwa laini kiasi kwamba utadhani umebadilishiwa mnyama.

Wewe unaichukua mwanzoni mwa safari hiyo. Imechinjwa alfajiri, saa moja iko mkononi mwako, saa mbili iko kwenye barafu, tena imekatwa vipande vidogo ili baridi iingie haraka. Msuli ambao bado una nguvu ukipigwa na baridi ya chini ya digrii 10 unajikunja vibaya kuliko ambavyo ungejikunja wenyewe. Ukigandishwa kabisa kabla haujakakamaa, mkunjo unafungiwa ndani. Siku unapoyeyusha barafu, nguvu yote iliyofungwa inafunguka kwa pamoja. Jaribu Jumatano ijayo: toa kipande kirefu kama kiganja chako, kiweke kwenye sahani, pima urefu wake kwa kidole. Baada ya saa chache kipime tena. Utakikuta kimekuwa kifupi na kinene, kimejikunja pembeni, na sahani ina maji.

Yale maji mekundu, kwa njia, si damu. Damu ya ng'ombe ilimwagika machinjioni. Hayo ni maji ya ndani ya misuli pamoja na mioglobini, protini inayoipa nyama rangi yake. Nyama iliyokunjwa na baridi inayakamua kama unavyokamua nguo, ndiyo maana yako yanakuwa mengi, na utamu unaondoka nayo.

Mama mkwe wako, nikibahatisha, hana konjelateri, au anayo lakini haiamini. Ananunua kwa chakula cha siku hiyo, nyama inakaa kwenye hewa ya kawaida ya Goma, jioni inaingia sufuriani pamoja na mfupa wake na kulala juu ya mbabula, jiko la makaa, kwa muda wa saa tatu kwa moto mdogo. Haikushtuliwa na baridi, na moto wa polepole unayeyusha mishipa migumu. Mnanunua kwa mtu mmoja, labda hata ng'ombe mmoja.

Ufanye nini basi? Kwanza, usikate vipande kabla ya kuhifadhi. Chukua pande moja kubwa, likiwa na mfupa ni bora, kwa sababu mfupa unaishikilia misuli isijikunje na pande kubwa linapoa polepole. Liweke chini kabisa kwenye frigo, si kwenye konjelateri, ndani ya bakuli lenye mfuniko ili lisichuruzike juu ya mboga. Liache hadi Jumapili jioni au Jumatatu asubuhi. Ndipo ulikate, ulifunge kwa mafungu ya siku moja moja, uligandishe.

Pili, mwombe muuza nyama wako nyama ya jana. Nakuona unakunja uso. Sokoni kwetu "nyama ya jana" ni tusi, kila mtu anataka ile inayotoa mvuke. Lakini kama busheri ana frigo inayofanya kazi kweli, na mguu wa ng'ombe ulitundikwa humo tangu jana, hiyo ndiyo nyama ya kununua kwa ajili ya konjelateri. Imeshapita kwenye kukakamaa. Uso wake umekauka kidogo, umefanya kama ngozi nyembamba, na ngozi hiyo kavu inawazuia vijidudu kuliko plastiki yoyote inayofunika nyama iliyolowa. Sharti ni hilo moja: frigo iwe inafanya kazi. Mwombe akufungulie, utie mkono ndani. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Na kama umeme wa kwako unaondoka kila mara, usihifadhi nyama mbichi siku mbili. Ichemshe yote Jumamosi na chumvi na kitunguu, ipoe kwenye beseni la maji baridi, ndipo ugandishe ikiwa imeiva. Haitajikunja tena, na katikati ya juma unaokoa makala (makaa) ya jiko.

Kuna ugumu mwingine usiotokana na konjelateri, nao nautaja kwa sababu uko kwetu hasa. Ng'ombe wetu wengi wanatoka malisho ya Masisi. Wakati mwingine wanashuka kwa miguu, wanapita Sake, wanafika mjini wamechoka, hawajanywa, wamepigwa fimbo njia nzima, na miaka hii ya vita wanakuja kwa haraka zaidi. Mnyama aliyechoka hivyo ameshaitumia sukari ya misuli barabarani. Akichinjwa kabla hajapumzika, asidi haitengenezeki ya kutosha, pH inabaki juu ya 6, na nyama inatoka nyeusi, kavu, inayonata kidoleni. Hiyo inaoza mapema kuliko nyingine, kwa sababu asidi ndiyo mlinzi wake wa kwanza. Usichanganye tu na nyama ya moto ya saa moja asubuhi, ambayo nayo huwa na rangi nzito kwa kawaida. Ipe nafasi ipate hewa. Ikifika saa nne, nyama nzuri ya ng'ombe inakuwa nyekundu ya kung'aa. Ambayo bado inaelekea weusi saa hiyo, mwachie mwingine.

Tuje kwa nzi na dawa za maiti. Nzi hawapimi ubora wa nyama. Wanafuata harufu na joto. Nyama iliyo kwenye baridi inatoa harufu kidogo sana, na nzi mwenyewe kwenye baridi ya vitrini anazubaa, hawezi hata kuruka vizuri. Ongeza kioo mbele na upepo wa mashine, utaelewa kwa nini hawapo. Halafu formalini, ile ya chumba cha maiti, inakausha nyama na kuigeuza rangi ya kijivu, na harufu yake inachoma macho. Hakuna muuzaji angeitumia akafaulu kukuuzia kilo ya pili.

Lakini sitaki kukudanganya kwamba majirani wako wanaota ndoto tupu. Mwezi wa 7 mwaka 2019, jirani zetu wa Nairobi walishtuka pale televisheni moja ilipoonyesha uchunguzi juu ya nyama ya supamaketi kutiwa sodiamu metabisulfiti. Hiyo ni dawa ya kweli. Viwanda vya vyakula vinaitumia kwa kipimo kwenye vitu kama matunda makavu na divai. Kwenye nyama mbichi inafanya ujanja: inairudishia wekundu nyama iliyoanza kugeuka na inafuta harufu. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Kwa hiyo hofu ina mahali pa kusimama, ila dalili mnayoitazama siyo. Usitazame nzi. Tazama nyama ambayo ni nyekundu vilevile juu, chini na ndani, siku ya kwanza na siku ya tatu, na ikitoka kwenye baridi ikakaa mezani haibadiliki. Nyama ya kweli ina tabia: ikikutana na hewa inakuwa nyekundu, ikifinywa mahali pasipo hewa inakuwa ya zambarau, ikikaa inaelekea kahawia. Kahawia kidogo mahali ambapo vipande viwili vilibanana si uozo. Utelezi na harufu ya uchachu, hapo ndipo uozo ulipo.

Nzi wa busheri nao nisiwatetee. Wametoka chooni na kwenye jalala, na miguu yao inakuja na mzigo. Ila nikikaa kwenye busheri saa nzima, mara nyingi kinachonitisha zaidi ni kitambaa. Umekiona: kimelala begani au juu ya mizani. Kinapangusa kisu, kinapangusa gogo, kinapangusa mkono uliotoka kupokea noti ya faranga mia tano iliyopita mifukoni mwa mji mzima, kisha kinarudi kwenye kisu. Na gogo lenyewe, lile la mti lenye nyufa, ndani ya nyufa mna nyama ya wiki iliyopita. Muulize kama analikwangua na kulipaka chumvi jioni. Ukipata busheri ambapo mmoja anakata na mwingine anapokea pesa, usiiache, hata kama ni ya vibao vya mbao.

Bwana yako ana haki kuhusu usafi wa macho. Vigae vyeupe vinaoshwa, gogo halioshwi. Lakini amuulize muuzaji wa vitrini ng'ombe huyo ametoka wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba amechinjwa hapahapa, wa malisho yaleyale. Tofauti anayoilipia ni baridi. Basi baridi hiyo iwepo.

Hapo nina kisa. Siku moja nilinunua mfuko wa mapaja ya kuku kwenye supamaketi kubwa, ni Jumatatu, baada ya mwisho wa juma ambao mtaa ule haukuwa na umeme. Vitrini ilikuwa inanguruma vizuri, nikaona haya hata kuuliza. Nyumbani nilipofungua, mapaja yote yalikuwa yameshikana kuwa tofali moja, na chini ya mfuko kulikuwa na barafu ya waridi, nene kama kidole. Maana yake ni moja: yaliyeyuka, yakatoa maji, jenereta ikawashwa, yakaganda upya. Mimi mkaguzi, nimenunua hicho kitu kwa pesa yangu. Tangu siku hiyo natikisa mfuko kabla ya kulipa. Kuku aliyegandishwa mara moja vipande vyake vinagongana kama mawe. Ukiona tofali, ukiona theluji nyingi ndani ya plastiki, ukiona barafu ya rangi chini, rudisha.

Barafu haiui vijidudu, inawalaza tu. Wakipata joto kati ya digrii 5 na 60 wanaamka, na kwenye joto linalowapendeza baadhi yao wanazaliana mara mbili kila dakika 20. Goma yetu iko juu, karibu mita 1,500, tunajiona tuna ubaridi. Kwa nyama, digrii 20 za hapa bado ni joto. Konjelateri iliyojaa, isipofunguliwa, inatunza baridi kama saa 48 umeme ukiondoka; ikiwa nusu, saa 24; frigo ya kawaida, saa 4 tu. Kwako, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu au kizibo cha chuma juu ya barafu, kiache humo. Ukitoka safari ukakuta sarafu iko chini ya kikombe, utajua kilichotokea ulipokuwa haupo. Nyama ambayo bado ina punje za barafu ndani unaweza kuirudisha. Iliyolegea na kupata joto, usiirudishe.

Kuna jambo ambalo vitrini wala kitambaa havikuonyeshi, nalo ni kama mnyama alikaguliwa. Machinjioni mkaguzi anamtazama ng'ombe akiwa hai, anatembea, anapumua. Akishachinjwa, anapasua misuli ya mashavu, ulimi na moyo kutafuta viluwiluwi vya tegu, yale malengelenge meupe kama punje ya mchele, na anakata tezi za kifua kutafuta kifua kikuu. Muhuri unaoona ubavuni una kazi hiyo yote nyuma yake. Mnyama aliyechinjwa usiku nyuma ya nyumba hajapita huko, na nyama yake inaweza kuishia kwenye busheri au kwenye vitrini pia. Hivyo swali la "nionyeshe muhuri" liulize pande zote mbili. Kwa bidhaa za nje, kama kuku wa barafu wanaotoka Brazil, tazama tarehe kwenye boksi lenyewe, sio kwenye karatasi iliyobandikwa dukani.

Na nyamafu usiiguse, hata kwa zawadi. Mwezi wa 4 mwaka 2025, viboko zaidi ya 50 walikutwa wamekufa kwenye mbuga ya Virunga, upande wa mto Ishasha, kusini mwa Ziwa Edward, pamoja na nyati kadhaa. Ilikuwa kimeta. Ugonjwa huo unapita kwa ng'ombe na mbuzi, na unampata mtu kwa kushika tu, kuchuna, kukata. Mbegu zake zinavumilia moto wa jiko na zinakaa ardhini miaka mingi. Nyama ya bei ya kutupa, isiyo na ngozi wala kichwa, inayouzwa jioni na mtu usiyemjua, hiyo ndiyo njia ambayo ugonjwa huo unaipenda. Hapa siongelei ladha wala ugumu. Iache.

Dawa za mifugo nitazitaja kwa ufupi kwa sababu huwezi kuziona. Mfugaji akimpiga ng'ombe mgonjwa sindano ya oksitetrasiklini, dawa ya kuua vijidudu, ile ya muda mrefu, anatakiwa angoje kama siku 28 kabla ya kumchinja. Wengine hawangoji. Busheri anayemjua mfugaji wake ana nafasi ya kujua hilo, supamaketi inayonunua kwa wapita njia haina.

Bei. Tuseme busheri anakuuzia kilo kwa dola 6, na robo yake ni mfupa. Nyama yenyewe umeinunua dola 8 kwa kilo. Kama supamaketi inauza isiyo na mfupa kwa dola 8, mko sawa, ila wewe una mfupa wa supu na maharage. Kwa kuku wa barafu fanya hesabu upande wa pili: pima akiwa mgumu, pima tena akishayeyuka na kumwaga maji. Siku ya kwanza utanung'unika.

Ningekuwa wewe ningefanyaje? Nyama ya ng'ombe na mbuzi ningebaki na busheri wako, kwa masharti niliyoyasema, na ningezungumza naye. Kuku wa barafu na samaki wa barafu ningenunua supamaketi yenye jenereta inayosikika, na ningenunua siku ambayo umeme haujasumbua. Nyama ya kusaga nisingeinunua imeshasagwa, popote. Kwenye pande zima vijidudu viko nje, moto unawafikia. Ukisaga unawachanganya hadi katikati, na mashine imeshasaga ya watu wengine kabla yako. Chagua pande, mwambie asage mbele yako, pika siku hiyohiyo hadi ndani pasibaki wekundu. Viluwiluwi vya tegu navyo vinakufa nyama ikiiva hadi digrii 70, au ikikaa kwenye barafu ya digrii 10 chini ya sifuri kwa siku 10. Kwa hiyo konjelateri yako, tuliyoilaumu sana, ina kazi yake pia. Mshikaki wa nusu mbichi ndio unaoleta tegu la mita tano.

Na usioshe nyama kwenye beseni. Najua mama yako alikufundisha hivyo, wangu pia. Maji yanarusha vijidudu kwenye sahani, sombe (majani ya muhogo) na mikono ya mtoto aliyesimama karibu, na kama ni maji ya ziwa yasiyotiwa klori umeongeza wengine. Limau haiwaui. Kama kuna unga wa mfupa au mchanga, pangusa, kata sehemu iliyochafuka, moto utamaliza. Kinachotaka kuoshwa kwa sabuni ni kisu na ubao, kabla havijagusa nyanya.

Kuna mambo ambayo hayamalizwi kwa barua. Mtoto akiharisha damu, au akitapika hadi hanywi tena, macho yameingia ndani, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje ya pili. Ukiona kinyesini vipande vyeupe kama tambi vinavyojisogeza, nenda wakupe dawa, ni tegu, na si aibu. Kama mnakula pia nyama ya nguruwe na mtu mzima nyumbani ameanza kuanguka kifafa ambacho hakuwa nacho, hiyo ni ya hospitali, mwambie daktari habari ya nguruwe. Homa inayokuja na kuondoka kwa majuma, pamoja na maumivu ya viungo, ipimwe brusela, ugonjwa wa mifugo unaopita kwa watu, hasa kama mnakunywa maziwa mabichi. Na yeyote aliyeshika nyama au ngozi kisha akatokwa na kidonda kisichouma, cheusi katikati, akimbie. Kimeta kikiwahiwa kinatibika kwa dawa za kawaida.

Jumamosi hii gawa zile kilo tano. Mbili zitie konjelateri saa mbili asubuhi kama ulivyozoea. Mbili zilaze frigoni zikiwa pande moja hadi Jumapili jioni, ndipo uzigandishe. Moja ipike siku hiyohiyo kama mama mkwe wako. Alhamisi pika yale mafungu mawili kwenye sufuria mbili, moto mmoja, chumvi sawa, bila papai. Bwana yako asiambiwe ipi ni ipi.